Pimamaji Aripoti Kazini

Mtaani walimwita Pimamaji, na jina hilo lilikuwa na utani ndani yake. Kazi yake ilikuwa kupima maji: kuchota sampuli visimani na mabombani, kuzipeleka maabara, kisha kuwaambia watu haya yanyweni, haya yachemsheni, haya msiyaguse kabisa. Lakini pimamaji pia ni kile kifaa cha waashi chenye povu dogo katikati, kinachoonyesha kama ukuta umelala sawa, na mume wake alikuwa mwashi. "Wenzangu wananunua pimamaji dukani," mume alipenda kusema wageni wakiwapo, "mimi yangu nimeitolea mahari." Wageni wakicheka, mke humrushia kitambaa cha mezani.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi kama kibarua. Anapewa mkataba wa miezi michache, ukiisha anarudi nyumbani kungoja kuitwa tena. Vitu viwili alivitamani mpaka akaacha kuvitaja mbele za watu: mtoto, na ajira ya kudumu. Vyote vikakawia, kisha vikaja kwa mpigo. Usaili aliufanya tumbo likiwa halijaanza kuonekana. Majibu yakakaa kimya hadi akakata tamaa. Mtoto akazaliwa, na akiwa bado hata shingo haijakaza, simu ikalia kutoka halmashauri: njoo uchukue barua ya ajira, Jumatatu uripoti.

Furaha ile haikufika jioni. Binamu yake, ambaye aliwahi kushika kazi ya muda kwenye ofisi fulani na tangu hapo akawa mjuzi wa mambo yote ya serikali, alikuja kumpongeza. Akaketi, akanywa chai, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Na huyu utamficha wapi?"

"Nimfiche kwa nini?"

"Dada yangu, mwanzo ni kipindi cha majaribio. Watu wale wanatafuta sababu tu. Wakijua una kichanga kinachonyonya watasema huyu hatatulia, leo homa, kesho chanjo. Watakuambia nenda kalee kwanza. Na siku utakayorudi, kiti kina mtu."

Binamu alipoondoka, mume alisema yule hajui lolote. "Nenda kawaulize wenyewe. Si wapo?"

"Nikiuliza tu," Pimamaji alijibu, "nitakuwa nimeshawaambia."

Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Aliyekata shauri alikuwa mama mkwe, mjane mwenye miguu mizito na ulimi mwepesi, aliyekuwa akiishi nao tangu mjukuu azaliwe. Alisema ng'ambo ya ile ofisi kuna fundi cherehani anayefahamiana naye. Yeye atakaa pale na mtoto. Pimamaji akipata upenyo atoke, amnyonyeshe, arudi. Mambo yakishakaa sawa ndipo wataangalia la kufanya. Mume akainua mikono juu, akaenda kuosha mwiko wake wa kazi.

Jumatatu Pimamaji alipita getini na bahasha ya vyeti kifuani, sketi imenyooka. Jengo lilikuwa la ghorofa, kuta zimepakwa rangi ya kahawia mpaka usawa wa kiuno na krimu kutoka hapo kwenda juu. Waajiriwa wapya walielekezwa kwenye ukumbi wa chini, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa mashaka. Palikuwa na wauguzi, walimu, mhasibu mmoja aliyevaa tai, na madereva. Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa dereva mnene, mcheshi, ambaye kabla ya saa nne alikuwa ameshajua kila mmoja katoka wapi.

Aliyewapokea alikuwa afisa utumishi, mtu mrefu aliyekaribia kustaafu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Wafanyakazi wa zamani walimwita Mzee Waraka, kwa sababu hapakuwa na swali asilolijibu kwa kutaja waraka fulani. Yeye ndiye aliyeendesha mafunzo elekezi, na aliyaendesha kama mtu anayewafundisha watoto wake kuvuka barabara.

"Vyeti halisi, si nakala vivuli," alisema. "Kivuli ubaki nacho wewe, kikupoze jua." Akasubiri wacheke, wakacheka. Akawaeleza jinsi ya kupata kitambulisho cha kazi, jinsi ya kuingizwa kwenye orodha ya malipo, nani wa kumwona kuhusu bima, mtu akiugua atoe taarifa kwa nani na mapema kiasi gani. "Mshahara wa kwanza ukichelewa, msije kwangu mkilia. Njooni mkiuliza. Kulia hakuna fomu yake."

Pimamaji alitaka kuandika kila neno. Lakini kila ilipokaribia saa ya mtoto, masikio yake yalihamia ng'ambo ya barabara. Akainuka polepole, akapita nyuma ya viti, akatoka. Kwa fundi cherehani akaketi nyuma ya pazia la kupimia nguo, akamnyonyesha mtoto huku cherehani ikinguruma, akajifuta, akakimbia kurudi. Jasho lilimtoka hata nyusi zikalowa.

"Tumbo, dada?" dereva alimnong'oneza.

Akapata jibu bila kulitafuta. "Tumbo."

"Pole. Maji hayo. Maji ya huku hayafai."

Maji ya huku aliyapima mwenyewe mwezi mmoja tu kabla ya kujifungua, na hayakuwa na tatizo lolote. Lakini alitikisa kichwa kama mgonjwa, na kutoka hapo dereva akawa daktari wake. Kila alipotoka na kurudi alimkuta na ushauri mpya: anywe ya moto, asile kitu cha jana, alalie ubavu wa kushoto. Jumanne mchana alitoka muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa mtoto alikuwa na mafua na alinyonya kwa kusitasita, anaacha, anapumua, anarudi. Aliporudi ukumbini akakuta wanaume wengine wamesinzia na Mzee Waraka anafunga jalada. "Nadhani hilo limeeleweka," mzee alisema. Wote wakaitikia. Naye akaitikia.

Jumatano ilikuwa siku ya kiapo cha utumishi. Hakimu alitakiwa kuja asubuhi na mapema, na Mzee Waraka aliwaambia mtu asitoke hata kidogo, maana hakimu akifika ni kuanza papo hapo. Hakimu hakufika. Feni ikazunguka. Saa ya mtoto ikaja, ikapita. Pimamaji alihisi kifua kinajaa, kinakaza, kinauma. Akajikaza. Akaanza kukumbuka majina ya kemikali za maabara moja baada ya jingine, ili mawazo yake yasimwendee mtoto.

Hatimaye hakimu akaingia, mwanamke wa makamo aliyeomba radhi kwa kuchelewa na kuanza kuwaita mmoja mmoja. Zamu ya Pimamaji ilipokaribia, huko nje kwenye korido mtoto wa mgeni fulani aliyekuja kwa shida zake akaanza kulia. Hakuwa mtoto wake, alijua kabisa. Lakini maziwa hayajui hayo. Yakashuka.

Akalikumbatia faili lake la vyeti kifuani. Jina lake likaitwa. Akasogea mbele hivyo hivyo, faili limebanwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeogopa kuibiwa.

"Weka faili mezani," hakimu alisema kwa upole. "Inua mkono wa kulia."

"Naweza kuapa nikiwa nalo, mheshimiwa?"

"Huwezi. Weka mezani."

Akaliweka. Akainua mkono. Blauzi yake ya bluu ilikuwa imelowa pande zote mbili, madoa mawili makubwa yaliyozidi kutanuka huku ukumbi mzima unatazama. Mtu mmoja nyuma aliguna, akanyamazishwa. Pimamaji alitamka maneno ya kiapo, kwamba atakuwa mwaminifu, kwamba atatunza siri, na sauti ikawa inamkatika kila neno. Aliona waziwazi kazi inamponyoka, na kwamba yupo hapa anaapa kuwa mwaminifu na uongo wake unamtiririka mbele ya watu.

Aliporudi mahali pake dereva alikuwa ameshavua koti. Akamtupia mabegani bila kumtazama. "Kumbe si tumbo," alisema taratibu.

Mzee Waraka alisubiri mpaka kiapo cha mwisho kilipokwisha. Ndipo akamfuata. "Wewe mama, njoo ofisini kwangu."

Ofisi yake ilikuwa ndogo, majalada yamepangwa hadi dirishani. Pimamaji alikataa kiti. Alitaka asimame atakapoambiwa. Mzee alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akaangalia dari.

"Una... una mtu mdogo nyumbani?"

"Ndiyo, mzee."

"Mdogo kiasi gani?"

"Shingo ndiyo inaanza kukaza."

"Na sasa hivi yuko wapi huyo mtu?"

"Hapo ng'ambo, kwa fundi cherehani. Yuko na bibi yake." Hapo akashindwa kujizuia. "Mzee, naomba unisamehe. Sikusema ukweli. Nilikuwa natoka nikisema tumbo, na si tumbo. Kazi hii nimeingoja mpaka nikachoka kungoja. Kama ni adhabu nipe, ila usinirudishe nyumbani."

Mzee Waraka aliacha kuangalia dari. "Nani kataja habari ya kukurudisha nyumbani?"

"Si kipindi cha majaribio?"

"Majaribio ya kazi! Tunaangalia kama unafika, kama kazi unaiweza, kama unaelewana na watu. Kuzaa umeshafaulu, nikujaribu nini?" Akachukua jalada mezani, akalirudisha. "Lakini mama, kinachonisumbua mimi ni kingine. Jana mchana nilisimama pale mbele nikalieleza jambo hili lote. Mama mwenye... mwenye jukumu hilo la mtoto, haki zake ni zipi. Nimelieleza mpaka wanaume wakalala. Nikauliza limeeleweka, mkasema ndiyo. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Sikuwa nimekaa, mzee. Nilikuwa nje."

"Nje ukifanya nini?"

Pimamaji aliangalia sakafu. "Nilikuwa namnyonyesha."

Kisha mzee akatoa sauti fulani puani, akajaribu kuigeuza kikohozi, ikamshinda. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, miwani ikamdondoka ikabaki kwenye kamba, akajifuta machozi kwa kiganja. Pimamaji alimtazama kwa woga, hakujua kama kicheko hicho ni cha wema au cha kumdhihaki. Mdomo wake ukaanza kumcheza. Naye akacheka, akicheka analia, akilia anacheka, na ndipo akakubali kiti.

Mzee alivaa miwani tena, akamrudia somo zima peke yake, akiangalia ukutani kila alipofika kwenye neno asiloweza kulitamka. Kila siku atatoka mapema kuliko wenzake, mpaka mtoto atakapofikia umri uliotajwa kwenye waraka. Hakatwi mshahara kwa hilo wala haandikwi mtoro. Anachotakiwa ni kumpa mkuu wake wa kazi nakala ya cheti cha kuzaliwa, waelewane saa ya kutoka. Na mtoto aingizwe kwenye bima leo hii, si kesho, maana mafua ya vichanga hayasubiri.

"Nani alikuambia utafukuzwa?"

"Binamu yangu. Aliwahi kufanya kazi serikalini."

"Idara gani?"

Pimamaji alisita. "Alikuwa akipaka rangi uzio."

Mzee aliivua miwani tena, kwa usalama wake. "Kuanzia leo," alisema alipoweza kusema, "jambo la uzio muulize yeye. La kazi niulize mimi. Sasa nenda kamlete huyo mtu mdogo, asikae kwenye vumbi la vitambaa."

Alivuka barabara na koti la dereva mabegani. Mama mkwe alipomwona machozi, alisimama na mtoto mkononi.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, Mama."

"Sasa unalia nini, mwanangu?"

"Wamesema kila siku nitoke mapema."

Bibi yule alikaa tena, taratibu. "Mimi nimejifanya mteja hapa tangu Jumatatu," alisema. "Nimeshapimwa magauni mawili na blauzi. Fundi ameshakata. Na wewe unaniambia tungeweza kupita mlangoni?" Kisha akaanza kucheka hata mtoto akatikisika mapajani mwake, akapiga chafya, akafumbua macho.

Waliingia kwa geti kubwa. Mlinzi aliuliza mgeni ni yupi kati ya hao, mama mkwe akamwonyesha mtoto. Katibu muhtasi wa Mzee Waraka aliondoa viti vibovu kwenye chumba cha pembeni, akafuta kimoja kizima, akavuta pazia, akafunga mlango. Pimamaji akanyonyesha bila kutazama saa. Kwa mbali alisikia sauti ya mzee ikiendelea na somo la mchana, habari za mfuko wa pensheni, na dereva akiuliza swali refu lisilo na mwisho. Baadaye atamwomba amsimulie yote aliyoyakosa, na dereva atayasimulia kwa kuyatia chumvi, lakini kwa wakati huo hakuhitaji kusikia lolote.

Alasiri mzee mwenyewe ndiye aliyemtazama na kuonyesha mlango kwa kidevu. Wenzake walikuwa bado wamekaa. Pimamaji alikusanya vitu vyake, akamrudishia dereva koti, akaaga. Nje jua lilikuwa bado juu na barabara nyeupe, haijaanza kujaa watu wa kurudi majumbani. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama mkwe, akamlaza begani. Walipita njia ndefu, ile ya kuzungukia kwenye miti, kwa kuwa hapakuwa na sababu yoyote ya kukimbia.