Taa Sakafuni

Zile filamu za wasiwasi, za rangi nyeusi na nyeupe, nilizijua zote isipokuwa mwisho wake. Padri mmoja alipohama Bukavu alimwachia papa, baba yetu, katoni ya kaseti za video, zote kwa Kifaransa, na umeme wetu ulikuwa na tabia ya kukatika pale pale mkono unaposhika kitasa cha mlango. Kwa hiyo sikujua nani alikufa, lakini taa nilizijua. Mtu akimulikwa kutoka juu, mwamini. Akimulikwa kutoka chini, kidevu kinang'aa na macho yanabaki mashimo, huyo usimfungulie. Diploma ya sekondari nilikuwa nayo, kazi sina, na vita vilinipa sababu nzuri ya kutotoka nyumbani. Hata kabla ya vita sikuwa natoka, ila sababu ndiyo ilikuwa inakosekana.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba anayetazama anajua, na anayetazamwa hajui. Unaona kiatu chini ya pazia, unataka kumpigia kelele yule mama akimbie, naye anachana nywele. Hilo lilianza kunichanganya. Redio za mbali zilikuwa zinasema askari wamefika Kamanyola, si mbali na kwetu, na huku mtaani tunaambiwa hakuna kitu. Nikawa najiuliza ni nani sasa anachana nywele.

Siku hizo kila nyumba ilitundika blanketi dirishani na kuweka taa ya mafuta sakafuni, barabara isione mwanga. Blanketi letu lilikuwa na matundu. Basi kila jioni papa, mtu wa sala, alikaa sebuleni na sura ya muuaji.

Ndivyo alivyotukuta mchumba wa dada yangu, alipofika na tonton, mjomba wake, kutoka Nyangezi kuomba mke. Papa hakuwa amewahi kumwona. Walitaka jibu jioni ile, maana njia ya Nyangezi ingeweza kufungwa wakati wowote. Tonton alisema maneno yake yote mazuri. Papa akasikiliza, kisha akanigeukia mimi, eti mimi ndiye nashindaka kuangalia watu kwenye kaseti.

"Weye unamuona namna gani?"

Nikamwangalia. Kidevu, mashimo mawili, na kivuli kilichopanda ukutani mpaka kikajikunja darini. Nikasema kwamba katika filamu, sura ya namna hii haitoki ndani ya nyumba mpaka mtu mmoja azikwe. Nilikuwa natania, nadhani. Lakini papa hakucheka. Alisugua magoti yake, akasema labda tungojee kwanza vita viishe.

Dada akainuka bila kuomba ruhusa. Akaokota taa, akaiweka juu ya meza.

"Papa, umuangalie muzuri. Iko mutu tu."

Kweli alikuwa mtu tu. Shavuni alikuwa na alama ya wembe, kola imepigwa pasi upande mmoja, na aliogopa kama sisi. Lakini sasa mwanga ulikuwa unatoka nje kwa matundu ya blanketi. Wote tuligeukia dirisha, na hakuna aliyesogea. Tonton alianza Salamu Maria na kuipoteza katikati. Ndipo yule mchumba akasimama, akaenda dirishani, akageuza mgongo kwenye blanketi na kunyoosha mikono, akaziba matundu kwa mwili wake ili papa aendelee kumwangalia.

Hapo nikapotea kabisa. Katika kaseti zote, anayesimama dirishani ndiye risasi inamtafuta. Mimi nilijua. Yeye alijua? Kama hakujua, dada anaolewa na mjinga. Na kama alijua, basi ni mimi nisiyejua kusoma taa.

"Mukwe," papa akasema, "toka kwa dirisha."

Neno lilikuwa limetoka, na papa hakulirudisha. Tonton alilipokea haraka kwa kupiga makofi madogo. Dada akairudisha taa sakafuni, na sote tukawa wauaji tena, mkwe wetu mbele ya wote. Dada alipopita karibu nami akainama.

"Muzee wa filamu, hii itaisha namna gani?"

Nikamwambia siku zote umeme unakatikaka.