Kipande cha Fundi

Kwetu mafundi wa Nyeri, kitambaa kinachobaki baada ya kukata nguo ni cha fundi. Mteja hakiulizii. Ndivyo nilivyofunzwa nikiwa msichana, na hicho kipande kidogo karibu kinitoe roho.

Nilikuwa nikimshonea mke wa mheshimiwa wetu. Kitambaa kililetwa na tajiri mwenye kinu cha mpunga kule Wang'uru, yule anayemgharamia mheshimiwa kampeni, naye mheshimiwa anamtafutia zabuni. Tajiri alikuwa ameandaa onyesho la mitindo ili matajiri wenzake wachangie, na mke wa mheshimiwa angepita mbele yao na gauni langu. Hariri ya kijani, ati hakuna mwingine aliye nayo Kenya nzima. Nilibaki na kipande cha kutosha blauzi moja, nikamshonea rafiki yangu anayeuza viazi Mweiga. Tangu nimjue hajawahi kuvaa kitu kizuri.

Onyesho lilikuwa Jumamosi. Jumapili rafiki yangu akavaa blauzi yake, akaenda mkutano wa mpinzani wa mheshimiwa, akapanda jukwaani kucheza. Sikumtuma! Kufikia jioni picha zao mbili zilikuwa kwenye kila simu: mke wa mheshimiwa na mama wa viazi wamevaa sare. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Hata mimi nilicheka, mjinga mimi.

Jumatatu saa nne asubuhi wakaja wanaume wanne, wakafunga mlango wa duka. Wa kwanza alinizaba kofi nikasikia jino limelegea. Nikanyakua makasi nikamdunga wa pili pajani, na sijutii hata leo. Ningepata nafasi ningeyazungusha humo ndani. Hapo ndipo walipopandwa na wazimu. Walinipiga mateke ya tumbo na mbavu, wakaniburuta kwa nywele hadi kwenye meza ya kukatia. Pasi ya makaa ilikuwa imewaka, nilikuwa nikipiga nayo suruali ya mwalimu fulani. Mkubwa wao akaishika. Wenzake wakaulaza mkono wangu wa kulia mezani.

Nilimsihi. Nilimwambia avunje mguu, avunje mbavu, lakini huo mkono auache, watoto wangu watatu wanakula kwa huo.

"Mzee amesema huo," akanijibu.

Aliishusha pasi mara tatu kama anayetwanga. Mara ya nne hakuiinua, aliikandamiza tu. Nililia kama mbuzi, na soko lote lilisikia, na hakuna aliyekuja. Harufu ya nyama yangu ilikaa dukani wiki nzima.

Hospitalini waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikunjiki tena, na makasi siwezi kushika. Polisi waliandika, wakaniambia niende nipumzike. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haukuwa mtupu tu, ulikuwa umefungwa bandeji.

Miezi miwili baadaye akina mama wakaanza kumnung'unikia mheshimiwa kwa yaliyonipata, basi akaitisha mkutano uwanjani kugawa cherehani, mfadhili akiwa yule yule tajiri. Na mimi nikaitwa. Dada yangu alinikataza nisiende. Nilienda kwa hasira, nimejifunga leso mabegani mpaka mikono haionekani.

Tajiri alikuwa amesimama kando ya cherehani mpya, kamera zikimwelekea, kipaza sauti mkono wa kushoto. Akaninyooshea wa kulia. Nikatoa wangu wa kushoto. Watu wakaguna, maana kwetu kumsalimia mtu mzima hivyo ni matusi.

Akacheka, akageukia kamera. "Mama, tunasalimiana na mkono ya kulia."

Nikaiangusha leso, nikauinua ule mwingine mbele ya uso wake, na vile vidole vitatu visivyokunjika.

"Huo ulishachukua, mzee," nikamwambia.

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, na uwanja wote ukasikia.