Mashine kwa Dada, Kanda kwa Kaka

Siku walipogawana vitu vya marehemu baba yao, ndugu hawa wawili walifanya ujinga ambao hata watoto wanaogombania mkate wangeuonea aibu. Kulikuwa na kompyuta ya zamani ya nyumbani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni. Haikuwa na mahali pa kuhifadhia kitu. Ukiizima, inasahau yote. Programu zake zilirekodiwa kwenye kanda za kaseti, na kila ukiiwasha ilibidi uichezee kanda upya kwenye redio kaseti, nayo isikilize ile milio mpaka ijae. Basi dada akachukua kompyuta. Kaka akachukua kanda pamoja na redio kaseti. Mmoja kabaki na kufuli, mwingine na ufunguo, na kila mtu akaenda kwake kichwa juu akidhani ameshinda.

Dada ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba, kina plasta, nta, mashine ya kung'arishia na rafu ya meno yaliyokenua bila mwenyewe. Mtaani wanamwita Mama Meno, wala si kwa sababu ya kazi tu, maana huyo mama anauma. Kompyuta aliiweka kwenye kona ya karakana, akajinunulia redio kaseti nyingine, na taratibu akajulikana kwa watu wenye ugonjwa kama wake wa kupenda kompyuta za zamani. Wanamletea kanda zilizoota ukungu, yeye anazisafisha, anazisoma, kisha anazihamishia kwenye mashine za kisasa zisipotee. Ameokoa michezo na mahesabu ya watu asiowajua hata kwa sura. La kwake mwenyewe lilimshinda.

La kwake lilikuwa mchezo wa mbuzi anayekula nguo kwenye kamba ya kuanikia, na mchezaji anakimbia kuzianua kabla hazijaliwa. Waliutunga pamoja wakiwa vijana. Kaka alimchora mbuzi; dada akatunga yote mengine, namna mbuzi anavyotembea, anavyokasirika, anavyojua shati lipi limekauka. Kisha dada akaenda mbali kusomea ufundi, kaka akabaki nyumbani kuumalizia. Baadaye, msibani kwa baba yao, alimsikia kaka akiwaambia wageni, "Mchezo ule niliumaliza mimi." Dada hakuuliza swali hata moja. Alisimama mbele ya ukoo mzima, mama yao akiwemo, akamwita mwizi, eti amefuta jina la mwenzake akaandika lake. Kaka hakujitetea. Vitu vilipogawanywa akazing'ang'ania kanda. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jamaa wa hawa wawili walilima mpaka wakachoka.

Lakini kanda nayo huoza. Dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na kinyongo chote alichokuwa nacho hakikumzuia kuota yule mbuzi. Akameza mate machungu akapiga simu.

"Niazime ile kanda kabla haijafa."

"Siazimi. Nitakuja nayo, nitakaa nayo, nitaondoka nayo."

Akaja Jumapili mchana. Kaka ni mwalimu wa udereva, na kuwakanyagia breki watu wengine kumekuwa tabia yake hata akiwa hayumo garini. Aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akafungua leso, akaitoa kanda. Dada aliipokea kwa ncha za vidole.

"Sikiliza," dada alisema. "Huu mchezo ukifunguka, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kufuta jina lako. Halafu nitaandika langu, halafu nitaurekodi upya. Usije ukasema sikukwambia."

"Futa," kaka alisema.

"Nitafuta kweli."

"Nimesema futa. Unataka nikushikie mkono?"

Dada akaiweka kanda, akabonyeza. Milio ikaanza, ile ya kukwaruza meno, na mistari ikakimbia kwenye televisheni. Kisha ikakoma, yakabaki maandishi kwamba imeshindikana. Akarudisha kanda mwanzo, akajaribu tena. Ikashindikana tena, na safari hii vumbi la kahawia lililobanduka kwenye kanda lilibaki kwenye kichwa cha kusomea cha redio. Vumbi lile ndilo mchezo wenyewe, na kila jaribio lilikuwa likiula.

"Fundi wa wenzio," kaka alicheka puani. "Ya kwako inakushinda."

"Redio ya baba iko wapi?"

"Ilikufa. Niliitupa."

"Uliitupa! Ile redio kichwa chake kilikuwa kimepinda, wewe ndiye uliyeiangusha. Kanda iliyorekodiwa na kichwa kilichopinda haisomwi na kilichonyooka. Umetupa kitu pekee kilichokuwa kinaielewa!"

"Aliyeiangusha ni wewe."

"Ni wewe!"

"Basi pindisha ya kwako. Au ni dhambi?"

Jibu lilikuwa hilo hilo, na lilitoka kwenye mdomo dada aliouchukia. Redio yake aliinyoosha mwenyewe kwa uvumilivu mkubwa. Ndiyo inayosoma kanda za watu wote. Sasa aiharibu ili ifanane na upotofu wa nyumba yao. Alichukua bisibisi ndogo anayotumia kwenye vifaa vya meno, akaacha kanda itembee, akaanza kukaza skrubu ya kichwa polepole.

"Bado," kaka alisema, macho kayafumba. Mtu aliyeishi akisikiliza injini zikiteswa na wanafunzi ana sikio. "Sauti ina kamasi. Zidi kidogo."

"Usiniamrishe."

"Zidi, nimekwambia! Umepita. Rudi. Hapo! Toa mkono hapo!"

Mlio ukatakata. Wote wawili waliusikia, na wote wawili wakakunja uso ili mwenzake asidhani amefurahi. Dada akarudisha kanda mwanzo kwa mara ya mwisho. Hakuwa na hakika kwamba ingestahimili nyingine. Wakasubiri bila kutazamana. Mistari ikakimbia, ikaendelea kukimbia, kisha kioo kikawa cheusi, na mbuzi akatokea, wa miraba miraba, pembe moja ndefu kuliko nyingine kama kaka alivyomchora. Dada alikuwa ameshaweka kidole juu ya kibonyezo, tayari kufuta.

Chini ya mbuzi paliandikwa aliyeutunga mchezo. Lilikuwa jina la dada, peke yake.

Alilisoma, akalisoma tena. Akatafuta jina la pili pembeni, juu, kila mahali. Hakuna.

"Wewe ndiye uliyeutunga," kaka alisema. "Mimi nilichora mnyama, nikaumaliza. Nilisema niliumaliza. Ndicho nilichosema pale msibani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Dada aliondoa kidole kwenye kibonyezo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Kaka," alisema mwishowe, "ngoja niliweke na la kwako. Tuwe wawili. Ni kazi ya dakika moja."

"Usithubutu." Kaka alikwisha kusimama. Aliitoa kanda kwenye redio, akaifunga kwenye leso. "Uliniita mwizi mbele ya mama yetu, na mama amekufa akiamini nimekuibia. Leo unataka kunipa jina? Lako hilo. Kaa nalo."

Akatoka. Mlango wa karakana hakuubamiza, na dada angependa aubamize.

Alibaki na mchezo ndani ya mashine isiyokumbuka kitu ikizimwa. Akachukua bisibisi, akakinyoosha tena kichwa cha redio, akaweka kanda mpya, akaurekodi kama ulivyokuwa, bila kuongeza herufi.