Msiro Usoni pa Mpwa Wangu

Mara ya kwanza mpwa wangu alipokuja kwangu na msiro usoni, nilimsifu. Kwetu huku mwanamke akisaga ule mti juu ya jiwe kwa maji kidogo, akajipaka uso mzima ukawa mweupe kama ukuta wa chokaa, sisi wanaume tunajua jambo moja tu: anajipamba kwa ajili ya mumewe. Basi nikamwambia amependeza, mumewe anakula raha. Hakucheka. Aliniamkia, akaingia ndani kwa mke wangu, na mimi nikaendelea kusokota kamba zangu za kitanda.

Wakati huo tumesharudi mjini kwetu Mosimboa baada ya kukimbia vita, na kazi ya kubeba mizigo bandarini nimeshaiacha. Nilibeba miaka mingi, mchele, samaki wakavu, mpaka bega hili la kulia likashuka, nikivaa kanzu inakaa upande. Lakini habari yangu si bega.

Habari yangu ni huyu mtoto. Ni wa dada yangu, Mungu amrehemu, na kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayemwoza, na ndiye anayekaa mkekani kusuluhisha nyumba ikiwaka moto. Baba yake yuko Diaca analima mihogo, hata harusini alikuja kama mgeni. Kwa hiyo yule mume nilimkubali mimi. Mchuuzi wa vitenge, wazee wake wa Mtwara, anasali, hanywi. Nikasema moyoni, asiyekunywa hana matata. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mara ya pili alikuja na furushi. Akaniambia kwa mdomo wake kwamba anapigwa. Nikamwuliza umemfanya nini. Hilo ndilo neno langu la kwanza. Kisha nikamkamata kuku, nikamfunga miguu, nikamrudisha mtoto kwa mumewe, maana desturi yetu mjomba haendi mikono mitupu, anapeleka kuku ili moyo wa mume upoe. Naandika haya na aibu imenishika. Mtu kapigwa, na anayepelekewa kuku ni aliyempiga. Na kuku yule alimpika mpwa wangu mwenyewe. Tulikula, mimi na mumewe, sinia moja. Mimi nilikula paja.

Shule nilisoma kilasi cha pili tu, zamani za Wareno. Mwalimu alikuwa na palmatoria, kile kibao chenye matundu, anakupiga viganja mpaka vinavimba, halafu lazima useme obrigado, asante. Usiposema, anaanza upya. Labda nilijifunzia huko kumshukuru anayepiga. Sijui. Wenzangu wengine walisoma palepale na hawakumpelekea mtu kuku.

Mara ya tatu alikuja asubuhi, na msiro tena. Nikawaita wazee wawili wa mtaani, mume naye akaja na kaka yake, tukakaa barazani kwangu kusuluhisha. Mume alisema maneno machache, mazuri. Mzee mmoja akatia mzaha, mke ni nguo, mgomba kupalilia. Tukacheka. Nami nilicheka.

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, naomba maji."

Nilidhani ana kiu. Nikampa kopo. Akainama pembeni ya mkeka, akanawa uso. Msiro ukamchuruzika shingoni mpaka kwenye kanga, na chini yake jicho la kushoto limefumba, shavu jeusi mpaka sikioni.

"Siku ile uliponisifu," akasema, "uso ulikuwa hivi hivi."

Yule mzee wa mzaha alitazama viatu vyake. Mume akaanza kusema amekosa, shetani kampitia, mjomba amsamehe. Kumbe anayeombwa msamaha ni mimi, ambaye sijaumwa hata na mbu.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Msiro huo nilimsagia mimi, watu wasione. Hata wangu niliusaga mwenyewe enzi zile. Sisagi tena."

Wageni hawakuelewa. Mimi nilielewa. Tulipokuwa vijana nilimpiga. Nakumbuka mara mbili. Yeye, nilipomwuliza baadaye, alikumbuka nyingi zaidi, na namwamini yeye.

Wote wakanitazama. Mjomba akisema arudi, anarudi, na mtoto huyu angerudi kwenye mkono uleule, safari hii labda tungekwenda kumfuata na jeneza.

"Harudi," nikasema.

Kaka wa mume akaniambia naiaibisha familia. Nikamjibu aibu imo mkekani tangu asubuhi, tulikuwa tumeikalia.

Tukatoka adhuhuri kwenda hospitali kuchukua karatasi ya majeraha, tuipeleke polisia. Nilimpa kitambaa ajifunike. Akakataa, akasema, "Twende hivi hivi, Mjomba." Tukakatiza bairro nzima, mtaa wote, na uso ule. Watu wakiuliza, nilijibu: mumewe. Neno fupi, lakini lilinichosha kuliko gunia. Polisia nao wakaniuliza wazee wamesemaje, maana haya ni mambo ya nyumbani. Nikawaambia mzee ndiye mimi, na nimesema yaandikwe. Tulikaa kwenye benchi mpaka wakaandika.

Kesi bado inakwenda polepole. Yeye anakaa kwetu, anakaanga mihogo anauza. Msiro hapaki, hata harusini.

Juzi jirani yangu alikuja kuniomba nimsindikize, anamrudisha mpwa wake kwa mume. Kuku kashamfunga miguu. Nikamwuliza kama ameuona uso wa mtoto. Akasema hajambo, amejipaka msiro, amependeza.

Nikamwambia akae. Mpwa wangu akaacha karai lake la mihogo, akachota maji kopo moja, akaenda kule kwa jirani, akamwulize yule mpwa wa jirani kama anayataka. Sisi wazee wawili tukabaki barazani, kuku kalala katikati yetu na kamba yake, tukingoja mtoto yule atoke aseme yeye.