Pua Yangu Ilisema Hewa Ni Safi

Ninaitwa Ramazani, wa Kasongo, na ninapumua. Naanza na hilo kwa sababu kuna wakati sikuweza kulisema bila kupumzika katikati. Ninyi mnaosoma kifua kikiwabana, vumilieni mwendo wangu. Mimi si msemaji, na mengi ya mambo haya nayakumbuka kama mtu aliyekuwa akiyatazama kutoka dirishani.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa pua. Bibi yangu aliuza samaki katika mji wa Nyangwe, na watu walimwita awanusie samaki kabla ya kununua. Aliinama mara moja tu, akasema: huyu wa leo, huyu wa jana, huyu mrudishie mwenyewe. Kipaji kile kilinifikia mimi. Nikiwa mtoto nilijua nyumba ipi inapika nini kabla sijafika mlangoni, na mama alinichapa mara nyingi kwa kutokea kwa watu saa ya chakula.

Nilipokuwa mtu mzima nikaenda kufanya kazi kwa mjomba wangu Asumani. Yeye alijifunza Bukavu kazi ya kuvisha chuma ngozi mpya, akarudi Kasongo na kufungua atelye, yaani karakana, nyuma ya nyumba yake. Tulipokea masinia ya harusi, mabirika, rimu na usukani wa pikipiki. Tulikwangua kutu, tukakiosha chuma kwa asidi, tukakifunga waya wa shaba na kukizamisha katika beseni la kijani la nikeli, kisha katika beseni jekundu la kromu, umeme wa betri ukipita majini. Umeme ukiingia, beseni jekundu hutoa vipovu vidogo, na juu yake hupanda ukungu mwembamba wa manjano. Sinia lilitoka likiwa kioo, unahesabu meno yako ndani yake. Ukungu ulibaki chumbani na sisi.

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Kwa sababu ya pua yangu, mjomba alinipa kazi ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Kila asubuhi niliingia wa kwanza, peke yangu, nikanusa. Hewa ikiwa kali nilifungua dirisha na tukangoja nje. Ikiwa nzuri nilisema, "Ingieni." Hakuna aliyevuka kizingiti kabla yangu. Sefu, mwenzangu kazini niliyeingia naye jandoni, alisimama mlangoni na taulo begani akiuliza, "Pua ya Nyangwe inasema nini leo?" Tulicheka. Tulifanya hivyo kwa miaka.

Ugonjwa ulianza na kamasi zisizokwisha. Halafu damu. Nilipopenga, yalitoka magamba meusi, mengine makubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Kwenye vidole vyangu vikatokea vidonda vya duara, virefu kwenda ndani, kama vimetobolewa na msumari. Havikuuma. Hilo lilinifurahisha, mjinga mimi.

Kisha harufu zikaanza kuondoka. Ulitangulia ubani, ikafuata kahawa. Siku moja nilimbeba binti yangu mdogo, nikaweka pua kwenye nywele zake, na hapakuwa na kitu. Nilimweka chini, nikaenda kazini. Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Nilijua tu kwamba mtu anayeitwa pua hawezi kusema pua imekufa, kwa hiyo nilinyamaza.

Mke wangu Zaina, ambaye ni wa Kabambare na hana subira na wanaume wanaojificha, aliniambia, "Ramazani, unapiga filimbi na pua. Kila ukivuta pumuzi. Wende kwa munganga."

"Ni mafua," nikasema.

"Mafua ya mwaka muzima? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilikwenda msikitini badala ya hospitali. Nilikuwa nikitawadha, nikapandisha maji puani kwa tundu la kulia, na maji yakatoka kwa tundu la kushoto. Nikarudia. Yakapita tena, kama yanavyopita mferejini. Niliingiza kidole kidogo, nikagusa mahali palipokuwa na ukuta wa katikati ya pua. Palikuwa na tundu. Niliogopa, na nakumbuka hofu ile vizuri kwa sababu ilikuwa kitu cha mwisho nilichokihisi kwa muda mrefu. Kutoka siku hiyo niliswali safu ya nyuma, kwa kuwa nikisujudu filimbi ilisikika, na mara mbili damu ilidondoka kwenye mkeka wa watu.

Sasa niwaambie kuhusu wakaguzi.

Kulikuwa na mkaguzi wa hewa na mazingira aliyepita kwenye atelye, kwenye viwanda vya sabuni na mahali pengine pa moshi. Yule wa kwanza alikuwa mtu mpole, na alituma barua wiki moja kabla. Kwetu mgeni hapelekwi jikoni. Mgeni hukaa barazani, hupewa kahawa, hufukizwa ubani, na nyumba huonyeshwa ikiwa imefagiliwa. Basi mjomba alizima umeme siku mbili kabla, akafunika mabeseni, akaacha mlango na dirisha wazi. Mkaguzi alipofika nilimzungushia chetezo, moshi wa ubani ukaingia kwenye koti lake, na alipoingia chumbani alinusa ubani wake mwenyewe. Sikuona ubaya. Hata leo mjomba hakubali kwamba alikuwa akidanganya. Alikuwa akipokea mgeni.

Mkaguzi aliniuliza, "Harufu iko humu?"

"Hakuna, Bwana," nikajibu.

Aliandika. Na mimi sikusema uongo, kwani sikusikia harufu yoyote. Alirudi mara ya pili, akauliza vilevile, nikajibu vilevile.

Asubuhi moja, baada ya mvua, niliingia kunusa kama kawaida. Macho yaliniwasha, lakini macho yaliniwasha kila siku. Nilikohoa, lakini nilikohoa kila siku. Pua ilisema hewa ni safi. Nikasema, "Ingieni." Sefu akaingia na kuinama chini ya meza kuchukua waya. Dumu la asidi lilikuwa limepasuka, na asidi yote ilikuwa imemwagika pale chini. Alivuta pumzi mara moja. Alijaribu kusimama, akashika meza, akaanguka kifudifudi. Nilimburuta nje kwa miguu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na povu lilimtoka mdomoni.

Alilazwa siku nyingi. Mjomba alisema ni bahati mbaya. Watu walinisifu kwa kumtoa. Nilipokea sifa, nikala, nikalala. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unaubeba, lakini si wako.

Sefu alirudi kazini akiwa amekonda. Siku hiyohiyo, bila barua, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka mwanamke mfupi mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mkaguzi mpya, Mama Furaha, aliyetoka Kabambare, ambako alikuwa amekagua vibanda wanavyochomea dhahabu kwa zebaki. Mabeseni yetu yalikuwa yanachemka.

"Mugeni njoo mwenyeji apone," mjomba akamwambia, kama tunavyosema sote, akamvutia kiti. Kisha akaniita, "Ramazani, fukizia Mama."

Niliweka makaa kwenye chetezo, nikakung'uta juu yake kopo la ubani lililokaa rafuni. Nilifanya haraka, sikuangalia. Nikamzunguka mgeni kwa heshima, mara ya kwanza, mara ya pili. Yeye aliniangalia usoni, puani, na vidoleni.

"Baba, unasikia harufu gani?"

"Ya ubani, Mama."

"Ni muzuri?"

"Muzuri sana. Ule wetu wa siku zote."

Alichukua chetezo mkononi mwangu, polepole, akakiinamisha ili kila mtu aone. Kulikuwa na makaa matupu. Kopo lilikuwa limekwisha. Hakuna hata moshi uliokuwa ukitoka.

Mjomba alitazama sakafu. Sefu alikuwa mlangoni na taulo lake begani. Aliangalia makaa, kisha akaniangalia mimi, na niliona asubuhi ile ikirudi usoni mwake, hatua kwa hatua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

Alitundika taulo kwenye msumari, akaenda kwake. Mama Furaha alizima umeme kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia mjomba, "Miye sikuje kukunywa kahawa, Papa. Nilikuja kuona hewa yenye watu hawa wanakula." Atelye ikafungwa.

Mwili wangu ulikuwa kama uliongoja ruhusa. Wiki hiyo kifua kilifunga. Kuvaa shati kulinichosha kama kulima. Nilikaa kitandani nikiwa nimeinama mbele, mabega juu, nikivuta hewa iliyogoma kuingia, na makohozi yalitoka na nyuzi za damu. Zaina alinipeleka hospitali kwa pikipiki, akinishika kiuno kutoka nyuma. Daktari alimulika tochi ndani ya pua yangu, akaona mwanga upande wa pili.

"Hii tundu haitafunga," akasema. "Na harufu, sikuahidi. Lakini mapafu yangali na nguvu, kama hautarudi mule ndani. Ukirudi, usinitafute tena."

Nilipewa hewa ya mashine, sindano, dawa ya kuvuta na mafuta ya kupaka puani. Siku ya nne nilisema sentensi nzima bila kupumzika. Nilimwomba Zaina maji ya kunywa, ndiyo sentensi yenyewe. Yeye ndiye aliyelia.

Sefu alikuja mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Niambie tu. Ile asubuhi ulijua?"

"Nilijua pua imekufa. Sikujua asidi imemwagika."

Akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akaniwekea kipande chini ya pua.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Basi kula."

Nikala. Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwuliza.

Nilipoweza kukaa kwenye pikipiki, Zaina alinipeleka kwa wazazi wake Kabambare nikapumzike. Barabara ilinitikisa kila mfupa. Kule hakuna aliyeniita pua. Mwanzoni nilitembea hadi kwenye shamba la karanga la mkwe wangu na kukaa. Baadaye nilitembea na kurudi. Mwisho nilishika jembe. Vidonda vya vidole vilijaa nyama, vikaacha makovu ya duara. Damu ilikauka. Filimbi ipo mpaka leo, na mkwe wangu hunitania kwamba nyoka hawanisogelei ninapolima.

Namshukuru Mungu kwa pumzi. Namshukuru Zaina ambaye hakunihurumia mapema. Namshukuru daktari yule. Namshukuru Mama Furaha kwa kuja bila barua.

Na ninyi mnaofanya kazi penye asidi na moshi nawaomba hivi: mkaguzi akija, mwonyesheni jikoni. Ubani mchome baada ya yeye kuondoka, mkipenda. Kidonda kisichouma kiogopeni kuliko kinachouma. Na kama kiungo chako kimekufa, kitangaze, hasa kama wenzako wanatembea kwa kukitegemea. Mimi nilinyamaza ili nisione aibu, na nusura Sefu ailipe aibu hiyo kwa roho yake.

Mjomba alihamisha atelye nje ya mji, chini ya paa lisilo na kuta, mabeseni yakiwa na vifuniko na bomba refu la kuvuta ukungu. Ilimchukua miezi mingi, na alinung'unika kila siku. Siku ya kufungua nilialikwa, nikaenda kutazama tu. Mama Furaha alikuwapo, amesimama, hakuna kahawa wala chetezo. Umeme ukawashwa, vipovu vikaanza.

Sefu ndiye anayetangulia siku hizi. Aliingia peke yake, sote tukangoja ukingoni mwa paa. Mjomba alikuwa tayari ameshika sinia la kwanza, limefungwa waya, la harusi ya mtu. Sefu aliinama juu ya beseni, akainua kichwa, akakunja uso.

"Inanuka," akasema.

Mjomba alimtazama, akatazama sinia. Kisha akaliweka chini, akazima umeme, na watu wakaanza kutoka kwenda kukaa kwenye majani.

Mimi sikusikia kitu. Nilitoka nao.