Swali Jipya la Mama Pumua

Hospitalini walimwita Mama Pumua, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi. Kazi yake ilikuwa kusimama kichwani pa mgonjwa, kumchoma sindano, kumshika kidevu ili njia ya hewa isizibe, na kumwambia taratibu, "Pumua, baba. Pumua, mwanangu," hadi wapasuaji wamalize yao.

Alikuwa mtu wa kutaka mambo yake yanyooke. Pombe hakuigusa, na hata dawa ya kikohozi aliinywa kwa kuitilia shaka. Ndiyo maana waliomfahamu walishangaa alipojitosa kuchunguza akili ya binadamu inakwenda wapi dawa inapoitoa nyumbani kwake.

Mambo yalianza na fundi bomba mmoja aliyevunjika mguu. Walimpa ketamini, dawa yenye vituko vyake: anayepewa si lazima afumbe macho kama aliyelala, huweza kukodoa tu, na mwenyewe hayupo. Mfupa ukanyooshwa, plasta ikafungwa, na fundi bomba akaanza kurudi polepole. Akaitazama dari, akamtazama muuguzi, akauliza, "Nilikuwa wapi?"

Mama Pumua akamjibu kama alivyowajibu wengine miaka yote, kwamba alikuwa hapo hapo kitandani.

"Mwili, sawa," akasema fundi bomba. "Mimi je?"

Swali lile likamnasa kooni kama mwiba wa samaki. Alikwisha kuona mengi katika chumba kile. Kuna aliyezinduka akicheka kama aliyenong'onezwa siri. Kuna mwanajeshi aliyelia akimtafuta bibi yake. Kuna bibi mmoja wa kanisani aliyewaporomoshea madaktari matusi ya utingo, kisha akaomba maji kwa heshima zote. Yote hayo Mama Pumua aliyamaliza kwa neno moja: ni dawa tu. Sasa akaanza kujiuliza, dawa ndiyo, lakini imefanya nini?

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi saa, mtu mpole aliyeishi jicho moja likiwa nyuma ya kioo cha kukuzia. Mumewe alisema saa haifunguliwi na asiyejua kuifunga. Mama Pumua akamjibu kwamba hataki kumfungua mtu, anataka kuuliza tu. Akaanza kuhangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga: akianza kufua anaacha, akiketi anasimama, akiamka anaamka na swali.

Bahati yake, daktari bingwa wa usingizi alikuwa mwanamke kijana mwenye moyo wa kusikiliza. Alisema jambo hilo linastahili utafiti wa kweli, wakaenda pamoja mbele ya kamati ya maadili. Mwenyekiti, mzee mwenye kikohozi kikavu, alimtazama juu ya miwani, akasema dawa hiyo vijana wanaichezea vichochoroni, wengine wamekwisha kuharibika kibofu na akili. Je, muuguzi anataka kuipigia debe?

"La, mzee," akajibu Mama Pumua. "Vichochoroni hakuna wa kumshika mtu kidevu. Lakini hao vijana wanaifuata kwa sababu ya kitu fulani. Tusipokijua, tutawaambia nini?"

Mzee alikohoa, akatazamana na wenzake. Ruhusa ikatoka, kwa sharti kwamba hakuna atakayepewa dawa kwa ajili ya utafiti. Watahojiwa tu wale waliokwisha kuhitaji tiba hiyo, tena kwa hiari yao.

Mama Pumua alianza mahojiano moyo ukimdunda kama msichana wa posa. Wapi! Kila aliyezinduka na kutulia aliulizwa, "Uliona nini?" na kila mmoja alijibu kwa mkato. Sikuona kitu. Rangirangi tu. Sijui, mama. Ilikuwa kama kuvua samaki kwenye ndoo ya maji matupu. Daktari akaanza kusema kwa upole kwamba huenda hakuna zaidi ya hayo. Mama Pumua alikataa. Aliziona nyuso zao kabla hawajaulizwa, na nyuso zile hazikuwa za watu waliotoka mahali patupu.

Kisha Jumamosi moja asubuhi akapanda kigoda kutundika mapazia. Kigoda kikateleza, akaangukia mkono, na kifundo kikapinda kama kijiko. Mumewe alimkimbiza hospitali huku jasho likimtoka yeye zaidi ya mgonjwa. Daktari alipotazama picha ya mfupa alieleza kwamba utanyooshwa upesi, na kwamba kuna njia mbili: ganzi ya mkono peke yake, au ketamini. Zote zinafaa, achague.

Maumivu yalimtoa machozi Mama Pumua, lakini macho yenyewe yaling'aa. Alichagua ketamini.

"Mkono umevunjika," akasema mumewe, "na akili nayo unaipeleka safari."

"Akili itarudi, baba watoto. Wewe kaa hapo uyashike yote nitakayosema."

Fundi saa akaapa hatapoteza hata neno. Sindano ikaingia.

Kwanza mlio wa mashine ya mapigo ya moyo ulitanuka. Kila mlio ukawa chumba, na kila chumba kikafungukia kingine kikubwa zaidi. Kisha kuta zikaacha kuwa kuta. Mkono uliokuwa ukiuma ulikuwepo mahali fulani, na maumivu yalikuwepo pia, ila hayakuwa ya mtu. Kulikuwa na wekundu wa udongo, mpana, usio na mwisho, ukienda kwa utulivu. Hofu ilipita kama ndege, na hapakuwa na wa kuogopa. Furaha ikaja baada yake, na hapakuwa na wa kufurahi.

Kurudi kulikuja kwa vipande: masikio kwanza, kisha ulimi mkavu, kisha jina, mwishowe uso wa fundi saa uliojaa wasiwasi.

"Uliona nini?" akamuuliza, kwa kuwa ndilo swali alilolisikia nyumbani miezi yote ile.

Mama Pumua alifungua kinywa kujibu, akakwama. Swali lilimtaka aseme niliona. Nani aliona? Kule hakukuwa na yeye wa kuona. Akaanza kucheka, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Baba watoto, tumekuwa tukiuliza vibaya," akasema. "Hatupaswi kuuliza uliona nini. Tuulize, kulikuwaje?"

Fundi saa aliona mkewe amepotea jumla, akainuka kumwita daktari. Daktari alipomuuliza mkewe alisema nini akili ilipokuwa safarini, kumbukumbu zote zilikuwa zimefagiwa na hofu. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba mkewe alimwangalia yeye, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, akamwamuru apumue.

Juma lililofuata Mama Pumua alirudi wodini kama mhoji, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Fundi bomba alikuwa amekuja kukaguliwa mguu, naye akamuuliza upya: kulikuwaje? Fundi bomba akafunguka kama koki iliyovunjika. Kulikuwa na kushuka kusikokuwa na chini. Kulikuwa na sauti ya marehemu mama yake, ila haikutoka kwa mtu, ilikuwa ndiyo hewa yenyewe. Alisema hakuwahi kumwambia yeyote, kwa kuwa kila alipojaribu kusema "niliona" alijihisi mwongo.

Mama Pumua alimkimbilia daktari. Daktari alifurahi, lakini akataka waupime ukweli wenyewe: wagonjwa wagawanywe kwa kura, nusu waulizwe kwa namna ya zamani na nusu kwa namna mpya, kisha majibu yasomwe na mtu asiyejua nani kaulizwa vipi. Mama Pumua alikubali, ingawa ilimlazimu kuendelea na swali ambalo sasa lilimwasha ulimi.

Majibu yalipokusanywa, walioulizwa "kulikuwaje" walikuwa wamesimulia mengi zaidi, na ya waziwazi zaidi. Na katikati ya masimulizi lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: wengi waliotishika walidhani wamekufa, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba ule umimi unaweza kuondoka kisha urudi. Hospitali ikaanza kuwaambia wagonjwa wote kabla ya sindano. Mayowe katika chumba cha kuzindukia yakapungua hata wafagiaji wakauliza kumetokea nini.

Mama Pumua alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu, akaeleza yote, kigoda na mapazia vikiwemo. Ukumbi ulicheka, kisha ukamsikiliza. Chuo kikamkubali kuendelea na masomo akiwa na wajukuu wawili.

Alasiri barua ya chuo ilipofika, alikwenda nayo moja kwa moja ofisini kwa daktari, lakini hata hawakuisoma mpaka mwisho. Walikuwa wamekwisha kuanza kubishana. Mama Pumua alitaka kujua kuhusu watoto: mtoto mdogo ambaye hajajua bado kusema "mimi", yeye dawa inamwondolea nini? Daktari alisema hilo halipimiki. Mama Pumua akavuta kiti karibu.

"Haya," akasema, "tuanze na hilo: kwa nini unadhani halipimiki?"