Marahaba Niliyomnyima Mama

Mama yangu alianza kusalimia kiti. Kiti chenyewe cha plastiki, kiko mlangoni, katika nyumba yetu ya Kariakoo iliyobanwa na maghorofa mpaka saa tisa alasiri tunawasha taa. Anakipitia, anainama kidogo: "Shikamoo." Halafu anatulia kama anayesikiliza, anatabasamu, anaenda zake. Nikakihamishia uani. Kesho yake akasalimia pale pale, patupu.

Majirani wakasema karogwa. Mimi mjuaji nikasema uzee tu, nikaenda zangu dukani kuuza vitenge. Miaka miwili niliipoteza hivyo, na bado najilaumu.

Aliyenifumbua macho ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, dada mmoja mpole anayepita nyumba kwa nyumba. Siku hizi fomu yake ina maswali ya kumbukumbu za wazee. Alimtajia mama maneno matatu: ndizi, ufunguo, kanga. Baadaye kidogo akamwomba ayarudie. Mama akatazama mlangoni.

"Muulize yeye," akasema.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tukaenda hospitali. Wakasema ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala si uzee tu, na presha yake niliyoipuuza nayo imechangia. Yule dada akanionya: usibishane naye, mfuate huko huko aliko.

Rahisi kusema. Mchana mmoja nimemletea wali na mchicha, akainuka, akakunja goti mbele yangu. "Shikamoo."

Mama yangu mzazi aniamkie, halafu niitikie? Thubutu.

"Mama, ni mimi mwanao. Acha mambo hayo."

Akarudia, sauti ya mtoto aliyefanya kosa. Hakula. Kesho yake hivyo hivyo, shikamoo, shikamoo, anakubali maji tu, midomo imemkauka. Mimi kiburi na hofu vimenikaba. Niliona nikiitikia tu, nimeshamzika.

Siku ya tatu nikakirudisha kile kiti mlangoni, nikakaa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akashusha pumzi, akala sahani nzima. Alipomaliza akanisogelea sikioni.

"Nina binti yangu," akaninong'oneza. "Yuko dukani. Ukimwona mwambie namsubiri. Siku ya tatu leo hajaja kuniamkia."